Mti Uliopinda wa Mama Deng

Siku ya kuniaga mlinipa nafasi ya kuongea, nikasimama, nikasema asanteni kwa soda, nikakaa. Baadaye karani akaniambia vijana wa kitalu walitarajia zaidi ya hapo. Basi hii ndiyo zaidi. Nimeandika kwa mkono wangu, na asiyeweza kuusoma mwandiko asinipigie simu, maana sehemu nyingine hata mimi nazisoma kwa kukumbuka.

Naitwa Ekiru kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha. Huku Turkana hiyo inatosha kuwa cheti cha kuzaliwa, kwani mvua zenyewe watu wanazikumbuka moja moja. Nilianza kazi ya miche Lodwar, kwenye kitalu kilichokuwa karibu na mto Turkwel. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe. Mzee Lomuria, mkubwa wa kitalu, aliliangalia lile shati kwa muda mrefu, akanionyesha lundo la samadi ya mbuzi, akasema, "Ejok, vizuri. Anza hapo." Nikaanza hapo. Shati lilimaliza wiki mbili.

Kazi ilikuwa kuchekecha mchanga wa mto, kuuchanganya na samadi, kujaza vifuko vya nailoni, kuvipanga kwa mistari, kutia mbegu, kumwagilia asubuhi na jioni. Tulimwagilia kwa kopo la maziwa lililotobolewa matundu kwa msumari. Mzee Lomuria hakuiamini keni ya kumwagilia ya dukani. Alisema keni inakojoa, kopo linanyesha. Alikuwa na panga moja na makasi ya kupogolea ambayo hakumwazima mtu, hata padri aliyekuja kuyaomba kwa heshima mara tatu. Alipita kati ya mistari mikono ikiwa nyuma, na akiona mche uliopinda aliung'oa bila kusimama, akautupa ng'ambo ya ua, ambako mbuzi walikuwa wameshajua saa zake. Nilimuuliza kwa nini hatuipi nafasi. "Uliopinda hauna mteja," akasema, na somo likaishia hapo.

Miaka minane nilifundishwa hivyo: nyoosha, funga kwenye kijiti, kata kinachokwenda kando. Nilipohamishiwa Kakuma nilikuwa siwezi kupita karibu na tawi lililopinda bila mkono kuingia mfukoni kutafuta makasi. Nayasema haya mapema ili mtakapofika kwenye kosa langu mjue lilitoka wapi. Lilitoka kwenye mafunzo mazuri.

Kakuma nilifikia kwenye kitalu hiki chenu, wakati huo kikiwa ua wa miiba na pipa moja. Tuligawa miche, hasa mwarobaini, kwa wenyeji na kwa wakimbizi. Wakongomani walinisahihisha Kiswahili. Wasomali walitaka wapunguziwe bei ya miche ambayo ilikuwa ya bure. Waturkana wenzangu waliuliza kwanza kama mbuzi anaula mti huo, na nikisema anaula, walichukua miwili. Siku za sherehe wakubwa walikuja kupanda miti. Mkubwa hushika jembe kwa ajili ya picha, mimi namalizia shimo, kesho yake mbuzi wanapita. Mara moja ofisi iliniandikia kuuliza mti uliopandwa na mheshimiwa fulani unaendeleaje. Nilijibu kwamba uliliwa vizuri. Hawakuandika tena. Kuhusu mathenge, ule mti wa miiba unaovamia kila mahali, sitasema kitu, ule hauhitaji mtunza bustani, unahitaji askari.

Sasa nifike kwa Mama Deng. Nyinyi mnamfahamu kama yule mama mrefu anayekuja Jumamosi na jagi la bluu, na najua mmekuwa mkimcheka kidogo. Mama Deng ni Mdinka wa Sudan Kusini, anauza bamia kavu na karanga za kusaga pale sokoni. Alivuka mpaka wa Nadapal na mtoto mmoja, Deng, akamlea hapa Kakuma hadi akamaliza shule. Halafu majina ya kwenda Kanada yakatoka. Jina la Deng lilikuwepo kwenye orodha, pamoja na mjomba wake. La mama halikuwepo. Deng akaenda, yeye akabaki, na ilipofika asubuhi ninayotaka kuwaeleza, miaka kumi na tatu ilikuwa imepita.

Asubuhi hiyo alinijia amekumbatia gunia lililoloweshwa maji.

"Mzee Ekiru, habari ya asubuhi."

"Nzuri, Mama Deng. Umeleta nini?"

"Mtoto yangu ametuma mti. Lakini naona iko mgonjwa."

Alilifungua gunia chini ya neti ya kivuli. Ndani kulikuwa na kitu chenye mizizi, urefu wa mkono wangu hadi kwenye kiwiko, hakina jani hata moja, na kila tawi limejisokota kama waya uliofunguliwa kutoka kwenye ua wa zamani. Kilikuwa kimeletwa na mtu wa kanisa lao aliyerudi kutoka Kanada kuoa, ndani ya sanduku, kimefungwa kwa soksi mbichi. Alipitaje nacho kwenye uwanja wa ndege sikuuliza, na nyinyi msiulize. Karatasi ya maelezo ilikuwepo, ila wino ulikuwa umehama wote ukaingia kwenye soksi.

"Deng anafanya kazi gani huko?" nikamuuliza.

"Anasema ni bustani. Miti." Aliangalia lile gunia. "Miaka hii yote ametuma simu, ametuma koti. Koti, Kakuma. Hii ndiyo kitu ya kwanza ya mkono yake. Sasa mzee, mtoto akitumia mama yake mti ya kupinda hivi, anasema nini? Amekasirika? Mimi ndiyo nimepinda?"

Ninaposhindwa kujibu huwa natafuta kazi ya kufanya. Nilimwambia mti ni mgonjwa kweli, labda ni safari, tutautibu. Kwake hakuna kivuli na mbuzi wa jirani hawana adabu, kwa hiyo tuliupanda hapa kitaluni, pembeni karibu na tangi, mchanga laini na samadi iliyooza. Mama Deng alikataa niumwagilie maji yetu. Alileta yake, kutoka kwenye bomba la kupanga foleni, jagi moja kila asubuhi kabla ya kufungua meza yake sokoni. Nilimwambia tangi letu limejaa. Akasema, "Hiyo ni maji ya kazi yako. Hii ni ya mtoto."

Baada ya wiki chache macho ya matawi yakavimba, majani ya duara yakatoka, mazuri tu, yenye manyoya madogo. Lakini kilichonifurahisha zaidi kilitoka chini, karibu na mchanga: machipukizi manne, yamenyooka sawasawa, yana nguvu, yanakua mbele ya macho yako. Nikasema hapo, dawa imeingia. Nikafanya nilichofundishwa. Kila wiki nilikata tawi moja lililopinda, lile la hali mbaya zaidi, ili chakula kiende kwa yale yenye afya. Niliyafunga yale manne kwenye vijiti. Mama Deng alikuja na akina mama wa kwaya yao waone. Walisimama pale wakapiga vigelegele kwa ajili ya fimbo nne zenye majani. Sijawahi kupigiwa vigelegele kazini kabla ya siku hiyo wala baada yake, na nilifurahi kama mjinga.

Tukapiga picha, mimi nimesimama kando na makasi. Mama Deng akamtumia Deng, na chini yake akamwomba binti wa jirani aandike: Tumeiponya.

Deng akapiga simu ya video ndani ya dakika moja, na huko kwao ilikuwa saa ya watu kulala. Nilimwona kwa mara ya kwanza, mwanamume mkubwa mwenye uso wa mama yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nani alikata?"

"Mimi," nikasema, bado nina tabasamu la ile picha.

Mama yake alidhani mtandao umekatika, akaanza kuitikisa simu. Kisha Deng akasema polepole, bila kugombana, na ingekuwa nafuu kama angegombana: "Mzee, ile ya kupinda ndiyo mti. Hizo za kunyooka ndizo ugonjwa."

Akanieleza. Mti unaitwa heizeli, na huko watu wanaupanda mbele ya nyumba kwa sababu ya kule kupinda. Ni miti miwili iliyopachikwa pamoja. Shina la chini ni la heizeli ya kawaida, iliyonyooka. Juu yake wamepachika ile ya kujisokota. Shina la chini halikubali kushindwa, linatoa machipukizi yake, yanakula chakula chote, matawi ya juu yanakufa. Kazi yake yeye, kila wiki, ni kuyakata hayo ya chini. Mimi kupachika ninakujua. Nimepachika michungwa Lodwar kabla Deng hajazaliwa. Kile kifundo kwenye shina, pale miti miwili ilipounganishwa, nilikiona siku ya kwanza, nikadhani ni kidonda kilichopona. Niliona aibu ambayo siwezi kuieleza vizuri, aibu ya mtu mzima kwenye kazi yake mwenyewe.

Mama Deng hakujali habari za mashina. Aliuliza lake. "Deng, kwa nini ulinitumia ya kupinda?"

Akacheka kidogo. "Mama, baridi yangu ya kwanza huku miti yote ilikuwa imenyooka, haina majani, kama nguzo za stima. Nilikuwa natembea tu, sina kazi. Nikaona mmoja nje ya duka la maua umejikunja kama ile miti yetu ya kando ya laga, ule mto mkavu. Nikasimama hapo mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, huu mti unatoka kwetu. Akasema hapana, hautoki kwenu. Tukabishana. Ndiyo nilipata kazi hapo. Sikukuambia?"

Hakuwa amemwambia. Mama Deng alishusha simu mapajani na kukaa na hilo neno, na Deng akabaki anaona kitenge tu. Alipoinyanyua tena, Deng alisema ana habari nyingine: amepata ruhusa, Krismasi anakuja. Miaka kumi na tatu, na Krismasi anakuja.

Simu ilipokatika Mama Deng alinigeukia. Hakunilaumu. Aliniambia, "Mzee, akikuja aikute imepinda."

Kwenye lile shina, juu ya kifundo, lilikuwa limebaki jicho moja la mti halisi, kwenye kisiki chenye urefu wa kidole. Kila kingine nilichokuwa nimekiacha kilikuwa adui. Asubuhi iliyofuata alikuja na jagi lake, akachuchumaa, akashika yale machipukizi manne yote kwa mkono mmoja, yamejaa majani, yale aliyoyanywesha miezi yote hiyo na ambayo kwaya iliyapigia vigelegele. "Kata," akasema. Nikakata. Alibaki ameyashika mkononi. Tulichobakiwa nacho ardhini ungeweza kukikanyaga bila kujua.

Deng alikuwa ametuambia mti huo unataka baridi, unataka kulala. Kakuma baridi inauzwa na wauza samaki. Nilikubaliana na mmoja wa sokoni, kila lori la ziwani likishusha mzigo anipe barafu iliyobaki. Niliifunga kwenye gunia na kuizungushia lile shina asubuhi na mchana. Mti ukanuka samaki. Paka wote wa soko wakahamia kitaluni, na afisa alipokuja kukagua aliandika kwenye kitabu kwamba tuna tatizo la paka. Niliandika chini yake kwamba ni majira ya baridi. Sijui kama ile barafu ilisaidia. Lakini lile jicho lilifunguka. Likatoa kijiti, kijiti kikaenda kushoto, kikajuta, kikarudi kulia, kikajizungusha, hadi kikafika shibiri moja na nusu na majani saba. Kila siku Mama Deng aliyahesabu majani kwanza, ndipo tukasalimiana. Kama mmoja wenu angenikuta wakati huo, angenikuta nimepiga magoti nikiuangalia mti uliopinda, na makasi nimeyaacha nyumbani makusudi.

Ndipo upepo wa jua kali ulipoanza, ule unaokausha hata nguo kabla hujamaliza kuzianika. Niliongeza neti, nikaongeza barafu. Majani yakaungua kingo, yakaanguka moja moja kwa wiki tatu. Kikabaki kijiti kilichojisokota, kitupu. Mama Deng aliniangalia. Nikamwambia umelala, Deng si alisema unalala.

Kuna namna ya kujua, mnaijua, niliwafundisha mimi mwenyewe. Unakwaruza gamba kwa ukucha kidogo tu. Chini ukiona kijani, mti uko hai. Ukiona rangi ya kahawa, basi. Mimi sikukwaruza. Wiki nne nilikuwa naupita ule mti kila siku na sikukwaruza, na fundi asiyetaka kukwaruza ameshajijibu.

Deng alifika siku mbili kabla ya Krismasi. Mama yake alimnyunyizia maji kichwani, ndivyo kwao wanavyombariki aliyetoka mbali, halafu akamshika mkono, mtu wa futi sita na nusu, akamwongoza hadi hapa kitaluni kama mtoto anayepelekwa shule. Kanisa lilikuwa linangoja, chakula kilikuwa kinangoja. Mti kwanza. Nilikuwa nimesimama karibu na tangi.

Alichuchumaa, mgongo wake ukamkinga mama yake asione. Alikigusa kijiti kutoka juu hadi chini, akifuata mizunguko yake yote kwa kidole. Kisha akakwaruza. Nilikuwa upande wa pili, niliona vizuri. Rangi ya kahawa. Akakwaruza chini zaidi, karibu na kifundo. Kahawa. Aliinua macho akaniangalia, fundi kwa fundi, na mimi nikaangalia chini. Alilowesha kidole kwa mate, akachukua mchanga kidogo, akafunika pale alipokwaruza.

"Umelala, Mama," akasema akisimama. "Huko hulala hivi miezi mitano. Mmeutunza vizuri sana."

"Imepinda sawa?" mama yake akauliza.

"Imepinda kuliko ya kwetu dukani."

Mama Deng alimshukuru Mungu kwa sauti, akanishukuru mimi kwa jina, wakaenda kula. Deng alikaa majuma matatu. Siku ya kuondoka alipita kuniaga, akaniletea makasi ya kupogolea, mazuri kuliko yoyote niliyowahi kushika. Tuliongea habari ya mchwa. Habari ya ule mti hakuna aliyeigusa.

Kuanzia hapo, vijana, mimi nimemwagilia ukuni. Mama Deng alianza kuja Jumamosi tu, kwa sababu mti uliolala haunywi sana, anakaa kidogo, tunaongea, anarudi sokoni. Jumapili Deng anapiga simu. Nimemwagilia miaka miwili na nusu, kwa kopo la matundu, na sijawahi kuuangalia huo ukuni ninapofanya hivyo.

Wiki yangu ya mwisho nikaona siwezi kustaafu na uongo mdomoni na kuuacha kwa watu wengine waumalizie. Jumamosi alipokuja nikamkalisha kwenye ndoo, nikamwambia, "Mama Deng, kuna jambo kuhusu huu mti."

"Kwamba imekufa?"

Nikaweka kopo chini.

"Mzee Ekiru, mimi nimeokota kuni tangu niko mtoto. Sudan nimeokota, Kakuma nimeokota. Unafikiri sijui kuni?"

"Tangu lini unajua?"

"Kabla Deng akuje."

"Na Deng alipokuambia umelala?"

"Nilifurahi. Alisema hivyo haraka, asinione nikilia." Alikunja kona ya kitenge chake. "Mzee, kila Jumapili anapiga. Kila Jumapili anauliza, Mama, mti imeamka? Ninamwambia bado. Anasema basi nitauliza tena wiki ijayo. Sasa nikimwambia imekufa, wiki ijayo atauliza nini?"

Nilichukua jagi la bluu mkononi mwake na kujaza kopo. Tulimwagilia pamoja, na safari hii niliangalia.

Kwa hiyo, vijana, ule ukuni uliojisokota kando ya tangi, ambao mmoja wenu aliuliza kama tuung'oe tupate nafasi ya mwarobaini, una ratiba. Jumamosi, kopo moja, maji yake yeye, si ya tangi. Machipukizi ya chini yakijitokeza, yakateni. Akiwauliza kama umeamka, semeni bado. Na msiukwaruze.